Boi Mwenye Wajukuu

Bahati ya leo, kaskazini mwa mji wa Nakuru, ni ya vishamba vya mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Miaka mia iliyopita ilikuwa ndani ya nchi ya masetla, na mwanamume Mwafrika aliyewafanyia kazi aliitwa boi, awe na miaka 15 au 60. Aliyepika na kupiga pasi ni boi. Aliyepalilia maua ya memsahibu ni shambaboi, hata kama nyumbani ana wajukuu.

Waingereza walikuwa wamelizoea neno hilo India na Afrika Kusini. Cha ajabu ni kwamba mtoto hasa, yule wa kuosha sufuria na kuchochea kuni, hawakumwita boi. Walimwita "toto", neno letu walilolikata kichwa. Filamu ya The Kitchen Toto ya mwaka 1987, inayosimulia Kenya ya 1950, imebeba jina hilo.

Serikali yenyewe haikuwa na shaka kuhusu umri. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimtaka kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi abebe kipande, yaani cheti cha usajili, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Alikuwa mtu mzima wa kulipa kodi na kuchukuliwa alama za vidole. Akiingia jikoni kwa bwana, anarudi kuwa mtoto.

Maskwota wengi wa Nakuru, yaani vibarua walioishi kwenye mashamba ya masetla, walikuwa Wakikuyu. Kwao mwanamume aliyetahiriwa akiitwa kihii, yaani mvulana ambaye hajapashwa tohara, ni tusi la kuleta ngumi. Boi haikuwa mbali na hapo. Wamarekani weusi, nao wakiitwa "boy", waliujua uchungu huo huo: wazoa taka wa Memphis waliogoma mwaka 1968 walibeba mabango yenye maneno machache tu, kwamba wao ni wanaume.

Uhuru ulipokuja, mashamba yaligawanywa au kununuliwa, mengine na kampuni za wananchi kama Ngwataniro. Setla akaenda zake, msamiati wake tukaurithi pamoja na mazizi. Kamusi zikaandika boi kuwa mtumishi wa nyumbani. Vijana wa steji za matatu wameligeuza: kwao "boi wangu" ni rafiki wa kufa na kuzikana, na hapo sina ugomvi nao, maana wanaitana rika kwa rika.

Ugomvi wangu ni na sisi wenye mageti. Bado tunaulizana nani anamjua shambaboi mzuri, kisha analetwa mzee wa miaka 55. Mzee huyo ana jina. Majirani zake wanamwita Baba Wanjiru. Nawe mwite hivyo.