Salio la Melini

Kila mwenye simu, kuanzia Lamu hadi Mbeya, anajua salio ni nini. Ni kile kilichosalia. Kitenzi cha kale ni kusaa, yaani kubaki. Kikazaa kusalia, na kusalia kukazaa salio. Ukiweka vocha ya elfu mbili ukaongea ya mia tano, salio ni elfu moja na mia tano, na ni mali yako. Ujumbe wa M-Pesa ya Tanzania hutaja salio jipya, na anayeusoma hupumua au huguna, lakini haimjii hata siku moja kujiuliza kama fedha hizo anadai au anadaiwa. Salio ni la mwenye simu.

Waingereza wana “balance”, na asili yake ni mizani. Mizani ina sahani mbili, na neno lenyewe halisemi ni ipi iliyoelemewa. Benki ikikuandikia “balance” ya pauni 400, ni zako. Kampuni ya umeme ikikuandikia hizohizo, unadaiwa. Msomaji wa Kiingereza huamua kwa kumtazama aliyeandika. Wachumi wetu walipolihitaji neno hilo walichagua urari, wakasema urari wa malipo na urari wa biashara, na walifanya vyema, kwa kuwa urari unaweza kuwa hasi bila mtu kushtuka. Ila urari haukuwahi kushuka kutoka vitabuni hadi sokoni. Mtu wa kawaida ukimwomba tafsiri ya “balance” atasema salio, na mara nyingi atakuwa sahihi. Nataka kuzungumzia mahali ambapo tafsiri hiyo humponza, nako ni ndani ya meli ya kitalii.

Tooting, kusini mwa London, ninakoishi, haina bandari. Ina stesheni mbili za reli ya chini ya ardhi zilizofunguliwa mwaka 1926, ina masoko mawili ya ndani, ina Hospitali ya St George's, na ina Upper Tooting Road, barabara ya maduka ya dhahabu, vitambaa vya sari, mihogo na ndizi za kupika. Baadhi ya familia za Kihindi zinazoishi hapa zilifika Uingereza zikitokea kwetu: Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, wengine wakikimbizana na sheria ya uhamiaji ya Machi 1968, na Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 wawe wameondoka. Katika barabara hiyohiyo mkahawa wa Kastoori, wa familia iliyotoka Uganda, ulijulikana kwa mapishi ya Kigujarati yaliyochanganyika na ya Afrika Mashariki. Kiswahili nacho kimo. Hukisikia ukisimama penye foleni, ila ukikitafuta hukipati.

Zawadi moja ninayoisikia sana siku hizi, mzazi anapotimiza miaka 70 au 75, ni safari ya meli kutoka Southampton. Watoto huchanga, mtu hupanda treni Clapham Junction, na jioni yake yuko baharini. Kwa wazee hawa meli si kitu kigeni. Kampuni ya British India iliendesha Karanja na Kampala kati ya Bombay na pwani yetu, na meli yake nyingine, Uganda, ilianza mwaka 1952 kusafiri kati ya London na Afrika Mashariki, hadi ilipogeuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi mwaka 1968. Wanaijua bahari. Wasichokijua ni namna meli za sasa zinavyotunza hesabu.

Jirani yangu, mzaliwa wa Kampala mwenye Kiswahili cha dukani kisichopinda, aliniuliza baada ya binti yake kumweleza kwamba melini atapewa kadi na hatagusa pesa taslimu.

“Beta, hiyo kadi, ndani iko pesa ngapi?”

“Hakuna kitu, mama.”

“Sasa nitalipa na nini?”

Swali lake lilikuwa na mantiki. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu tarehe 6 Julai 2014, na tangu wakati huo hata mzee asiyependa mashine anaijua kadi ya Oyster: unaijaza fedha, unaigusisha, fedha zikiisha inakukatalia. Oyster ya kujaza mwenyewe ina salio kwa maana yetu kamili. M-Pesa pia. Mswahili wa leo, awe Tooting au Tandika, amefunzwa na vitu viwili hivyo kwamba kadi isiyo na kitu haiwezi kununua kitu.

Kadi ya meli inanunua. Kabla ya kupanda au siku ya kwanza, abiria huiandikisha kadi yake ya benki kwa kampuni. Kisha hupewa kadi ya plastiki, au bangili, au kidude cha mviringo kama kile kilichoanza kutumika kwenye meli za Princess mwaka 2017. Kitu hicho hufungua mlango wa chumba, humtambulisha abiria anaposhuka na kurudi bandarini, na kila anapoagiza kahawa huandika jina lake na bei. Hakibebi fedha. Kinabeba jina. Mwisho wa safari jumla yote huchukuliwa kutoka benki. Hesabu hiyo ndiyo Waingereza wanayoiita “onboard account”, na tarakimu inayosomeka kwenye programu ya simu ya kampuni huitwa “balance”. Ukiona 412 hapo, ni 412 unazodaiwa. Mjukuu anayemtafsiria bibi yake haraka-haraka atasema “salio lako 412”, na bibi ataagiza juisi nyingine kwa moyo mkunjufu.

Mimi naiita hesabu hiyo daftari la meli. Wapo watakaopendelea akaunti ya melini, na sina ugomvi nao, isipokuwa kwamba akaunti kwa wengi wetu ni mahali pa kuweka, na hapa hakiwekwi kitu. Daftari tunalijua tangu utoto. Unatumwa dukani kuchukua nusu kilo ya sukari, mwenye duka anafungua daftari lenye jalada gumu, anaandika chini ya jina la baba, na mwisho wa mwezi baba anapita kulipa. Mtoto anatoka na sukari bila kutoa hata senti, lakini hakuna mtoto aliyewahi kudhani ni ya bure. Na wengi wa wazee wa Upper Tooting Road walikuwa upande wa pili wa kaunta hiyo. Nilipomwambia jirani yangu “ni daftari, mama, ila mwenye duka ameshika kadi yako ya benki”, alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza nani anaandika na nani anakagua. Hayo ndiyo maswali yanayofaa, na yamo ndani ya neno lenyewe.

Tukikubaliana kwamba ni daftari, basi “balance” yake ni deni hadi sasa. Najua kampuni yoyote itaona deni ni neno kali mno kuliweka mbele ya mtu aliyekwenda kupumzika. Lakini huduma za fedha za kwetu zimekwisha kuzoea kutenganisha. Fuliza, ile ya kukopa kupitia M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2019, humwambia mtu salio lake na deni lake kama vitu viwili. Na Safaricom ilipotaka jina la huduma ya kukopeshwa muda wa maongezi, ambayo humkata mkopaji ada ya asilimia 10, iliiita Okoa Jahazi. Kwa hiyo deni na chombo cha majini vilishakutanishwa kabla yangu.

Kuna neno jingine ambalo lingefaa kama historia ingekwenda vingine. Waingereza wa enzi za ukoloni, klabuni na safarini, walikuwa wakitia saini karatasi ndogo waliyoiita “chit” badala ya kutoa pesa, wakalipa baadaye. Walilipata neno hilo India. Nasi tulilipata hukohuko, likawa cheti. Lakini cheti chetu kilipanda cheo, kikaenda shule, kikafungiwa kwenye fremu, na leo huwezi kumwambia mtu ametia saini cheti cha bia.

Sasa yaliyomo ndani ya daftari. Vinywaji, picha, masaji, kufuliwa nguo, safari za bandarini, kamari kwa anayeitaka. Haya mtu huyaona yakija. Yasiyoonekana ni yale yanayojiandika yenyewe. Katika kampuni kubwa nyingi za Kimarekani kila abiria wa chumba cha kawaida huandikiwa takriban dola 16 hadi 20 kwa siku kwa ajili ya wahudumu. Chukua dola 18: mume na mke, usiku saba, ni dola 252 kabla hawajaonja kitu. Juu ya kinywaji huongezwa tena asilimia 18 hadi 20, hivyo glasi ya dola 12 inaandikwa dola 14 na senti. Vipeperushi vya Kiswahili vya hoteli za pwani vingeiita nyongeza hiyo bakshishi, nami napinga. Bakshishi hutoka mkononi mwa mtoaji kwa hiari yake. Inayoandikwa na mashine ni ada ya huduma, na iitwe hivyo, hata kama mezani pa mapokezi wanaweza kuipunguza ukiomba. Kampuni ya P&O Cruises iliiondoa ada hiyo ya kila siku mwaka 2019, na daftari lake ni la pauni; Cunard, ingawa nayo hutoka Southampton, huandika kwa dola. Anayeuliza sarafu ya daftari kabla ya kukata tiketi hujiepusha na mengi. Na akipewa nafasi ya kuchagua, akubali kutozwa kwa sarafu ya meli, aiachie benki yake kazi ya kubadilisha, kwa kuwa kiwango kinachopendekezwa na muuzaji mara nyingi ndicho kibaya zaidi.

Kadi ya benki iliyoandikishwa nayo huleta mkanganyiko. Meli hailipwi kila siku, lakini inaweza kuiomba benki izuie kiasi fulani ili ijihakikishie. Fedha zilizozuiliwa hazijatoka, wala hazitumiki. Kwa kadi ya mkopo ni kikomo tu kinachopungua. Kwa kadi ya kawaida inayovuta kwenye akaunti yako, ni kodi ya nyumba iliyofungiwa chumbani, na huchukua siku kadhaa kuachiliwa hata baada ya daftari kulipwa. Hapo mtu huona salio la benki limeshuka mara mbili kwa kahawa ileile, na safari hii salio ni salio kweli.

Tukija kwenye simu, tofauti ya salio na deni inakuwa ya kuumiza. Meli huuza intaneti kwa siku au kwa safari nzima, kwa idadi ya vifaa, na bei huandikwa kwenye daftari la meli kama kitu kingine chochote. Zamani mawimbi yalipanda hadi setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta na kurudi, na mtu alingoja hadi akasahau alichouliza. Royal Caribbean ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaweka Starlink, ambayo setilaiti zake huruka kilomita 550 hivi, na nyingine zikafuata. Siku hizi bibi anaweza kumwona mjukuu kwa video akiwa katikati ya Ghuba ya Biscay.

Lakini meli nyingi zina pia mnara mdogo wa simu, nao ni biashara nyingine. Ukiondoka karibu na nchi kavu, simu huukamata yenyewe. Msimbo wake wa nchi ni 901, uliotengwa kwa mitandao isiyo ya nchi yoyote, na kwa sababu hiyo kifurushi chako cha Ulaya hakiuhusu. Hiyo ni romingi ya baharini, na inaweza kugharimu pauni kadhaa kwa megabaiti moja. Gharama hiyo haiandikwi na meli. Inaandikwa na kampuni yako ya simu, nyumbani, kwenye daftari la pili ambalo mapokezi ya meli hayalioni na hayawezi kulifuta.

Wengi wetu hapa tuna simu za laini mbili, moja ya Uingereza na moja ya kwetu. Laini ya Tanzania au Kenya ya kulipia kabla ina salio. Romingi ikiila, itaisha, na hasara imekoma hapo. Laini ya Uingereza ya mkataba haina cha kuisha. Ina deni tu, na deni halina dari usipoiweka mwenyewe. Tangu Oktoba 2018 kampuni za simu za Uingereza zinatakiwa kumpa mteja anayeingia au kuongeza mkataba nafasi ya kuweka kikomo cha bili, na kikomo hicho huwekwa kwa dakika chache kabla ya kusafiri. Baada ya hapo, simu iwekwe kwenye kile ambacho menyu ya Kiswahili ya Android inakiita hali ya ndegeni, jina la kuchekesha ukiwa majini, kisha Wi-Fi iwashwe peke yake.

Hali ya ndegeni ina gharama yake. Namba ya siri inayotumwa na benki kwa ujumbe mfupi inaweza isifike, na *150*00# ya M-Pesa haiendi kwa Wi-Fi. Kama kuna ada ya shule ya kutuma Morogoro, itumwe kabla ya Southampton, au isubiri bandari inayofuata.

Daftari la meli husomeka kila siku, kwenye runinga ya chumbani au kwenye programu. Lisomwe kila jioni. Usiku wa mwisho hutoka hesabu kamili, na kama kuna bia ya mtu mwingine chini ya jina lako, foleni ya kulalamika iko pale mapokezi, ndefu, asubuhi, watu wakiwa na mabegi. Jirani yangu alipanga kwenda kusimama pale usiku uliotangulia. Aliuza duka miaka mingi, akaniambia, na hajapata kuona daftari lisilokosewa.