Safari ya Kuupima Utamu wa Damu

Maradhi ya kisukari ni ya kale, na tangu kale matabibu wamesumbuliwa na swali moja: mtu atajuaje kiasi cha sukari kilichomo mwilini mwake? Utamu wa damu hauonekani kwa macho. Aliyepungukiwa na sukari huweza kuzimia ghafula. Aliyezidiwa nayo kwa miaka mingi huweza kupoteza macho, figo au miguu. Kwa hiyo kipimo ni jambo la uhai na mauti.

Kipimo cha kwanza hakikumwumiza mgonjwa hata kidogo. Aliyetaabika ni tabibu. Zamani sana, waganga wa Bara Hindi waliona kuwa mkojo wa wagonjwa fulani huvuta sisimizi. Katika karne ya 17 Thomas Willis, tabibu wa Kiingereza, aliuonja kwa ulimi wake akaukuta mtamu kama asali. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliukausha mkojo kwa moto, yakabaki mashapo meupe yenye ladha ya sukari. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Stanley Benedict alitengeneza maji ya buluu yenye shaba, ambayo kila mwanafunzi wa sayansi ayajua. Yakichemshwa pamoja na sukari hii, hugeuka kijani, manjano, hata wekundu wa matofali.

Walakini mkojo ni shahidi mchelewaji. Sukari huingia humo baada ya kuzidi sana katika damu. Nayo ikipungua mno, mkojo hausemi neno. Upungufu huo ulikuwa wa hatari zaidi baada ya insulini kupatikana huko Toronto, Kanada. Mnamo Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa dawa hiyo, na maisha yake yakarefushwa. Lakini dawa hiyo ni kama msumeno, hukata mbele na nyuma: ikizidi, sukari huanguka na mgonjwa aweza kufa. Ikawa hapana budi damu yenyewe iulizwe.

Mwaka 1965 ulitokea ukanda mdogo uitwao Dextrostix, uliobadili rangi ulipotiwa tone la damu. Baada yake zikaja mashine ndogo za kusoma kipimo, na mgonjwa akaweza kujipima nyumbani. Lakini tone lile lilitoka kidoleni, pengine mara nne au zaidi kwa siku, mwaka baada ya mwaka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Si ajabu wengine walichoka wakaacha kujipima, wakawa kama nahodha asiye na dira.

Tamaa ya kupima bila kudunga ikaamka. Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliidhinisha saa ya mkononi iitwayo GlucoWatch, iliyovuta majimaji kupitia ngozi kwa nguvu ndogo ya umeme. Ngozi za wengi ziliwasha na kuwa nyekundu, na kidole bado kilidungwa ili kuisahihisha saa hiyo. Haikudumu sokoni. Wengine walijaribu mwanga. Lakini sukari ni kidogo mno miongoni mwa maji, mafuta na jasho, na mwanga hushindwa kuitambua kwa uhakika.

Ushindi ulitoka njia ya tatu. Tangu 1962 Mmarekani Leland Clark alikuwa ameonyesha kuwa kimeng'enya kikiungwa na waya wa umeme huweza kuipima sukari. Juu ya msingi huo kilijengwa kifaa cha FreeStyle Libre, kilichotoka Ulaya mwaka 2014. Hubandikwa mkononi kwa siku 14, na uzi wake mwembamba hukaa chini ya ngozi. Kidole kikapumzika, ingawa ngozi haikuepuka kutobolewa mara moja.

Mnamo Februari 2024 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliwaonya watu juu ya saa na pete zilizouzwa kwa madai ya kupima sukari pasipo kutoboa ngozi. Haikuwa imeidhinisha hata moja. Onyo hilo ni la haki. Mgonjwa hupima insulini yake kwa tarakimu anayoisoma. Tarakimu ya uongo yaweza kumwua. Maumivu ya sindano hupita upesi, bali kipimo kinachobembeleza na kudanganya ni adui aliyevaa nguo za rafiki.