Chupa, Stempu na Miiko

Tarehe 4 Agosti 1914 kamati ya Bunge la Uingereza ilitoa ripoti yake kuhusu dawa za siri, yaani vile vidonge, marhamu na sharubati vilivyojaza kurasa za magazeti bila mnunuzi kuambiwa vimetengenezwa kwa vitu gani. Kamati ilikuwa imeanza kazi mwaka 1912, imehoji watengenezaji, madaktari na wenye magazeti. Siku hiyohiyo Uingereza ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani, na ripoti ikazikwa ikiwa bado mbichi. Siku tisa baadaye vita ikafika Ziwa Nyasa. Meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliivamia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhafen, ambapo leo ni Liuli. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba kuna vita.

Mzinga wa Liuli unakumbukwa, kamati ya London imesahaulika. Navitaja pamoja kwa sababu swali lililoishughulisha kamati ile halikuwa geni upande huu wa ziwa. Swali lenyewe ni hili: mtu anayenunua dawa kwa asiyemjua anashika nini kama dhamana?

Tuanze na Waingereza. Thomas Beecham, aliyechunga kondoo utotoni, alihamia St Helens, Lancashire, na kufikia 1859 alikuwa akitangaza kwamba kijaluba cha vidonge vyake kina thamani ya gini nzima. Gini ilikuwa shilingi 21. Kijaluba kiliuzwa shilingi moja na peni moja na nusu. Hesabu hiyo ndiyo tangazo lenyewe. Mnunuzi haambiwi kwamba dawa ni rahisi, anaambiwa kwamba ni ghali na yeye amebahatika kuipata kwa bei ya chini. Kisha inafuata orodha: tumbo kujaa, kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu, woga usio na sababu. Orodha ya namna hiyo haiachi mtu nje, maana ni nani asiyewahi kuumwa kichwa?

Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha matokeo ya uchunguzi wa kimaabara wa dawa nyingi za aina hii. Vidonge vya Beecham vilikutwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Malighafi ya vidonge 56 ilikadiriwa kugharimu sehemu moja ya nane ya peni. Msomaji wa pwani atatabasamu hapa: shubiri na tangawizi havikuhitaji kuvuka bahari ili vitambulike kuwa dawa, na shubiri ya Zanzibar ilikuwa na jina lake mahsusi katika biashara ya dawa Ulaya. Wala si haki kusema vidonge vile havikufanya kazi. Vilimwendesha mtu chooni, kama shubiri ifanyavyo popote. Udanganyifu ulikuwa katika upana wa ahadi.

Ile peni moja na nusu juu ya shilingi ina kisa chake. Ilikuwa ushuru wa serikali uliowekwa mwaka 1783, na malipo yake yalithibitishwa kwa stempu iliyobandikwa juu ya kila pakiti. Serikali ilitaka fedha tu. Lakini wanunuzi waliitazama stempu ya mfalme, baadaye ya malkia, wakaona idhini. Watengenezaji hawakuwa na haraka ya kuwasahihisha, hata ikabidi stempu zenyewe ziandikwe kwamba serikali haitoi dhamana yoyote. Stempu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake miaka mia moja kabla ya maneno hayo kuongezwa.

Thomas Holloway, muuzaji mwingine wa dawa hizi, aliipeleka mbinu ya matangazo mbali zaidi. Mwaka 1842 alitumia pauni 5,000 kwa matangazo. Kufikia kifo chake mwaka 1883 ilikuwa kama pauni 50,000 kwa mwaka, kwa lugha nyingi za Asia zikiwamo Kichina na Kiarabu. Faida yake ilijenga chuo cha wanawake karibu na London, kilichofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1886 na ambacho bado kinafundisha. Tangazo lake, kama la wenzake, liliegemea barua za waliopona, kila moja na jina la mtu na kijiji chake. Hakuna msomaji aliyekuwa tayari kusafiri hadi huko kuuliza.

Sasa tugeukie Ungoni, mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji. Dawa iliyotoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika vilima vya Matumbi, haikuwa na gazeti wala stempu. Ilikuwa maji yaliyochanganywa na nafaka, na ahadi yake ilikuwa moja, si orodha: risasi za Wajerumani hazitapenya. Ilisafirishwa na wajumbe walioitwa hongo. Aliyeifikisha kwa Wangoni wa Songea anakumbukwa kwa jina la Kinjala. Habari zilitangulia kwa minong'ono, mtu kwa mtu, kabla ya chupa kufika. Pamoja na maji yalikuja masharti: mpiganaji asikutane na mwanamke, asipore mali. Aliyekufa kwa risasi alihesabiwa kuwa amevunja mwiko.

Kuilinganisha Maji Maji na vidonge vya tumbo kunaweza kuonekana kama kuivunjia heshima. Mmoja aliuza ili atajirike, mwingine aliwaunganisha watu waliokuwa wakitawaliwa kwa kiboko na kulimishwa pamba kwa nguvu, na walioamini wakalipa kwa maisha yao. Wazee wa Kingoni walionyongwa Songea mwaka 1906 wana makumbusho yao pale mjini. Tofauti hiyo ni kubwa na ibaki kubwa. Ninachokilinganisha ni chombo cha kubebea imani. Tangazo la Kiingereza halikuwa na jibu kwa dawa iliyoshindwa, na halikulihitaji, kwani aliyeshindwa kupona haandiki barua gazetini, na mwenye duka hajui alikokwenda. Miiko ilikuwa na jibu tayari, kwa kuwa mjumbe na mpiganaji wangeonana tena, au jamaa zao wangeonana. Palipo na kuonana, dawa lazima iwe na maelezo ya kushindwa kwake.

Kuna njia ya tatu, nayo ilipita karibu kabisa na hapa. David Livingstone alifika Ziwa Nyasa Septemba 1859. Vidonge vyake vya homa vilikuwa mchanganyiko wa kwinini, rubabu, jalapa na kalomeli, chumvi ya zebaki, na resipe yake aliichapa wazi katika kitabu cha safari ya Zambezi mwaka 1865. Hakukuwa na siri yoyote. Kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilikuja kuuza vidonge hivyo kwa jina lake. Resipe ilikuwa ya kila mtu. Kilichouzwa ni Livingstone. Yeye mwenyewe, baada ya kupanda kwa njia ya Ruvuma mwaka 1866 na kulizunguka ziwa upande wa kusini, aliibiwa sanduku lake la dawa Januari 1867 na wapagazi waliotoroka, akaandika kwamba ni kama amehukumiwa kifo. Aliishi miaka sita zaidi.

Katika msafara uleule wa Zambezi John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikusanya sumu ya mishale iliyoitwa kombe, kutoka bonde la Shire. Mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu hiyo. Alipopiga mswaki akahisi uchungu mdomoni na mapigo ya moyo yakapungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza, na miaka ya 1880 mbegu za mmea wa sumu hiyo zikawa zinaingia Uingereza kutengenezwa dawa ya moyo. Wawindaji wa Shire walijua kiasi gani kinaua. Edinburgh ilitafuta kiasi gani kinasaidia. Elimu ya pili ilisimama juu ya ile ya kwanza, ingawa matangazo ya London hayakuwa na nafasi ya kuwataja wawindaji.

Miaka ya 1930 ilikuja dawa iliyoitwa mchape, kutoka Nyasaland, ikaenea hadi Rhodesia ya Kaskazini na kusini mwa Tanganyika. Waliokuja nayo walikuwa vijana wenye mavazi ya Kizungu, wenye vioo vya kumtambulia mchawi na chupa za dawa nyekundu. Aliyekunywa akarudia uchawi, dawa ingemgeukia. Hawa kwa kweli walifanana na mawakala wa biashara kuliko na mganga wa kijiji: waliuza pia vifurushi vidogo vya kinga, kisha wakaendelea na safari. Mwaka 1995 jina hilohilo lilizuka tena ng'ambo ya ziwa, karibu na Liwonde, ambako Billy Goodson Chisupe alisema ameoteshwa na mizimu dawa ya UKIMWI, akaitoa bure. Maelfu kwa maelfu walikwenda. Hapa bei ilitoa hoja iliyo kinyume cha ya Beecham: kwa kuwa hachukui senti, atakuwa anasema kweli.

Na Machi 2011 sote tuliangalia Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe kimoja kwa shilingi 500, bei aliyosema amepewa na Mungu. Mti wenyewe, mugariga, ulitajwa kwenye magazeti yote. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi, wagonjwa wengine wakafia njiani, na madaktari wakawasihi wenye VVU wasiache ARV. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba kujua mti hakukumpunguzia mzee wateja. Aliyechemsha mizizi hiyohiyo nyumbani aliambiwa haitafaa, kwa sababu nguvu ilikuwa katika mkono unaotoa. Beecham alificha kilichomo, na mkono wowote wa mwenye duka uliweza kuuza. Mwasapile alionyesha kilichomo, na mkono ukawa mmoja tu.

Nikiviweka hivi vyote mezani, mpaka ninaouona haupiti kati ya Ulaya na Afrika. Unapita kati ya dawa ya mtu utakayekutana naye kesho na dawa ya mtu anayepita. Mganga anayekaa Litembo au Mbamba Bay hahitaji kipaza sauti. Jina lake linabebwa na mama aliyempeleka mtoto, na mtoto asipopona mama huyohuyo ataonana naye kisimani. Bibi wa mitishamba katika kijiji cha Kiingereza aliishi chini ya sheria hiyohiyo kabla reli haijaleta vijaluba. Dawa ikishaanza kusafiri mbali kuliko mwenye kuitoa ndipo hutafuta kitu cha kusimama badala yake: stempu, barua, ndoto, mwiko, bei.

Mnadani Mbinga, siku kahawa imelipwa, gari lenye kipaza sauti huwa na orodha ambayo Beecham angeitambua mara moja: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume. Badala ya stempu ya malkia kuna namba ya usajili, inayotajwa kwa sauti kubwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga baraza lao na hadhi ya kisheria waliyostahili siku nyingi. Usajili huo una maana yake, lakini msikilizaji aliyesimama juani husikia zaidi ya kinachosemwa, kama walivyofanya wanunuzi wa St Helens.

Waingereza walisubiri hadi 1941, miaka 27 baada ya ripoti ile, ndipo sheria ikaamuru viambato viandikwe na ushuru wa stempu ukafutwa. Vidonge vya Beecham havikufa kwa hilo. Viliendelea kutengenezwa hadi 1998. Jina la Beecham lilikuwa limekwisha kuingia katika kampuni kubwa ya dawa za hospitali, na mwaka 2000 kampuni hiyo ikaungana na ile iliyokuwa imeimeza Burroughs Wellcome, wauzaji wa vidonge vya Livingstone. Kampuni hiyo mpya, GlaxoSmithKline, imekuwa miongoni mwa watengenezaji wa dawa za VVU, zile ambazo wagonjwa wa Loliondo walisihiwa wasiziache.