Lapi Imegoma Kuwaka? Cheki Hivi Kabla Uambiwe Madabodi Imeungua

Ni Jumapili usiku, kazi inatakikana Jumatatu asubuhi, unabonyeza batani na lapi inakuangalia tu. Ama inawaka, feni inavuma, lakini skrini ni nyeusi ti. Ama inaleta nembo ya kampuni halafu inakwama hapo kama mathree kwa jam ya Thika Road. Hizo ni noma tatu tofauti kabisa, lakini ukifika kwa fundi utasema neno moja tu: "Haiwaki." Na fundi akiwa na haraka zake, hilo neno liko na majibu mawili. Madabodi imeungua, ama tukuwekee Windows upya. La kwanza linakula doo yako. La pili linakula kila kitu ulikuwa umeweka ndani.

Kuna mwanafunzi wa ploti yetu alipitia hiyo ya pili. Alirudishiwa lapi safi, inakimbia vizuri, na folda ya projekti ya mwaka wa nne haiko. Picha za mazishi ya guka wake pia hazikuwa. Na baadaye ikajulikana shida ilikuwa kabetri kadogo ka mviringo, ka saizi ya sarafu. Tutafika hapo.

Wengi wetu tunatumia zile lapi za ex-UK: EliteBook, ThinkPad, Latitude. Ni mashine zilizochapa kazi kwa ofisi za majuu kabla ziletwe tao. Ni ngumu, lakini iko nyingi sasa ziko na miaka nane, kumi, na hiyo kwa laptopu ni uzee. Ukitaka kujua inaugua nini, jiulize swali moja: inafia wapi? Kutoka batani mpaka ufike kwa desktopu, inapitia stima, halafu inajikagua yenyewe, halafu inatafuta diski, halafu Windows inaamka. Kila mahali pa kufia pako na dalili zake.

Haionyeshi dalili yoyote ya uhai

Hakuna taa, hakuna feni, kimya. Anza na vitu za kijinga kwanza juu mara nyingi ndio shida. Chomeka simu kwa hiyo soketi uone kama inachaji. Tingisha waya wa chaja pale karibu na pini, kama kataa kanawaka na kuzima, waya umekatika ndani. Alafu soma kibandiko cha chaja, penye pameandikwa OUTPUT. Chaja ya HP ya wati 65, kwa mfano, itasoma 19.5V na 3.33A. Volti lazima zilingane na zile zimeandikwa chini ya lapi. Ampea zikizidi ni sawa, zikipungua ndio shida. Ile chaja uliazima kwa beshte juu "pini inaingia" inaweza kuwa ndio mchawi wako.

HP na Dell nyingi za zamani ziko na kasindano kembamba katikati ya pini ya chaja. Hako hakapitishi moto wa kuendesha mashine, kazi yake ni kuambia lapi hii ni chaja gani. Kakipinda ama kakivunjika, Dell itakuambia haitambui aina ya adapta, itakataa kuchaji, na itatembea polepole kama imetiwa breki. Watu wameuziwa betri mpya kwa hiyo shida, na dawa ilikuwa chaja.

Chaja ikiwa poa, chomoa kila kitu: chaja, flashi, mausi. Kama betri inatoka, itoe. Sasa shikilia batani ya kuwasha sekunde 30 bila kuachilia. Kuna moto hubaki umenaswa ndani ya madabodi, haswa stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, na huo ndio unaufukuza. Rudisha chaja peke yake, betri ikae kando, na ujaribu kuwasha. Ikiwaka bila betri na ikatae na betri, umepata jibu na hujalipa mtu. ThinkPad nyingi ambazo betri iko ndani ziko na katundu kadogo chini: ingiza ncha ya pini ya karatasi ubonyeze taratibu, chaja ikiwa imechomolewa, inafanya kazi hiyo hiyo.

Hapo ukifanya yote na bado ni kimya, basi ndio, inawezekana ni madabodi ama soketi ya chaja ya ndani. Lakini sasa utaenda kwa fundi ukijua.

Kitu moja kabla tuendelee. Kama padi ya mausi imeinuka ama lapi haifungiki sawa, betri imefura. Usiifinye, usiitoboe, usiichaji tena. Hiyo hushika moto.

Inawaka lakini skrini ni giza

Bonyeza Caps Lock. Kama kataa kake kanawaka na kuzima ukibonyeza, mashine iko hai na inakusikia, ni wewe tu huioni. Zima taa za nyumba, washa tochi ya simu, ilenge kwa skrini kwa pembeni. Ukiona maandishi kwa umbali kama kivuli, taa ya nyuma ya skrini imekufa ama waya wake umelegea pale kwa bawaba. Iunganishe na TV ama skrini nyingine uone. Lakini jua EliteBook 840 za kitambo hazina HDMI, ziko na VGA na DisplayPort, kwa hivyo utahitaji adapta. Kwa Dell kuna ujanja mwingine mtamu: ikiwa imezima, shikilia herufi D ukibonyeza batani ya kuwasha. Skrini ikionyesha rangi moja baada ya nyingine, yenyewe haina makosa.

Kama Caps Lock haijibu, ama inawakawaka yenyewe kwa mpangilio, ama lapi inapiga "bip" ikiwaka, shika simu urekodi video. Hiyo si kelele tu, inakutajia ugonjwa wake. Hesabu: miwako mingapi mirefu, mingapi mifupi, rangi gani. Kila kampuni iko na hesabu yake, kwa hivyo tafuta mtandaoni modeli kamili pamoja na hiyo hesabu, usichukue ya Dell ukaipa HP.

Mshukiwa wa kwanza hapa ni RAM. Toa chaja na betri, fungua kifuniko cha chini, chomoa hizo ramu. Sugua zile meno za dhahabu na raba ya penseli, ile nyeupe ya shule, pangusa vumbi na kitambaa kikavu, halafu rudisha moja tu mpaka isikike ikiingia. Washa. Ikikataa, jaribu hiyo nyingine, halafu ubadilishe nafasi. Nimeona lapi imekaa miezi chini ya kitanda ikingoja "doo ya madabodi" ikifufuka na raba.

Ile ya betri ya saa

Sasa tumefika kwa yule mwanafunzi. Kwa madabodi kuna betri ndogo, mara nyingi CR2032 ya volti 3, ambayo kwa laptopu huwa imefungwa kwa plastiki na kuwekwa vijiwaya viwili. Kazi yake ni kukumbusha mashine saa na mipangilio ya BIOS wakati hakuna moto. Ikizeeka, lapi inasahau. ThinkPad itakuletea namba 0271 na kukuambia ucheki tarehe. HP itasema "Real-Time Clock Power Loss (005)." Kama Windows inafunguka lakini saa inasoma miaka ya nyuma na tovuti zote zinakataa zikisema si salama, ni hiyo hiyo.

Saa ndio hasara ndogo. Kubwa ni kwamba mipangilio inaweza kurudi venye ilitoka kiwandani. Windows ya kitambo iliyowekwa kwa njia ya Legacy itatafutwa kwa njia ya UEFI, na lapi itaapa haina kitu cha kuwasha. Kwa Dell, mpangilio wa diski unaweza kurudi RAID On wakati Windows iliwekwa ikiwa AHCI, na utapata skrini ya bluu imeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mtu asiyejua ataangalia hapo aseme Windows imekufa, afomati. Na data yote ilikuwa pale pale, salama, inangoja ubadilishe neno moja kwa BIOS. Ingia na F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Piga picha ya kila ukurasa kabla ubadilishe kitu.

Tahadhari: kama diski imefungwa na BitLocker, kuguza BIOS kunaweza kufanya Windows iulize ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwa akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, lapi ikiwa bado nzima.

Haioni diski

"No bootable device." "Boot Device Not Found," na chini yake 3F0 kwa HP. Kwanza chomoa flashi, siku zingine lapi inajaribu kuwaka na flashi ya mtu. Kisha ingia BIOS uone kama jina la diski liko. Likiwa liko, rudi kwa ile story ya Legacy na AHCI. Likiwa haliko, fungua chini ukaze diski, huenda imelegea tu. Dell ziko na kipimo cha ndani ukibonyeza F12, HP ni Esc kisha F2. Ikikupa namba ya makosa, ipige picha.

Sasa sikiza. Weka sikio hapo. Diski ya kuzunguka ikifanya tik, tik, tik, zima. Usiwashe tena "kujaribu mara ya mwisho." Kila ukiiwasha, kichwa cha kusoma kinaweza kuwa kinakwaruza hizo sahani zenye zimebeba vitu zako. Hapo kama data ni ya maana, hiyo ni kazi ya watu wa kuokoa data.

Kama hailii lakini inaleta makosa, okoa vitu kwanza, matengenezo baadaye. Hapa ndio mafundi wengi hukosea mpangilio: wanaanza na chkdsk, ambayo inalazimisha diski mgonjwa ikimbie marathon. Wewe azima kompyuta ya mtu, pakua Linux Mint, iandike kwa flashi ya GB 8 ukitumia Rufus. Jua tu Rufus itafuta chenye kiko kwa hiyo flashi. Washa lapi yako, bonyeza F9 kwa HP ama F12 kwa Dell na Lenovo, chagua flashi. Itafunguka bila kuguza diski yako. Usibonyeze ile ya kuinstoli. Fungua folda zako, kopi dokumenti na picha kwa flashi nyingine. Ukimaliza hapo, hata lapi ikipasuka, umelala.

Inafika Windows halafu inakwama

Vidoti vinazunguka mpaka chai inapoa. Ipe muda kwanza, apdeti kwa diski ya zamani inaweza kukaa sana, na ukiizima katikati unaongeza shida. Ikikataa kabisa, izime kwa nguvu ikiwa inaanza kupakia, rudia mara tatu, na Windows 10 itakuletea menyu ya kurekebisha. Jaribu Startup Repair. Ikishindwa, toa apdeti ya mwisho, ama ingia Safe Mode. Ikiwaka Safe Mode, mara nyingi makosa ni programu ama draiva.

Kama inawaka tu, lakini dakika tano ndio uone desktopu, na bado uko na diski ya kuzunguka, weka SSD ya inchi 2.5. Kwa maoni yangu hakuna shilingi utatumia kwa lapi ya kitambo itakupa raha kama hiyo. Ila jua Windows 10 ilikatiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 na, kwa Intel, kuanzia kizazi cha nane. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita, kwa hivyo haijaalikwa kwa hiyo sherehe. Linux Mint itaibeba bila maneno mengi.

Ukienda kwa fundi

Mafundi wazuri wako, na watafurahi kukuona hivi: "Inawaka, Caps Lock inajibu, kwa TV inaonyesha, kwa skrini yake ni giza." Hiyo sentensi inakuokolea siku mbili. Mwambie mapema, mbele ya mtu, kwamba asifomati bila kukupigia. Andika modeli, ukubwa wa ramu na namba ya diski kabla uache mashine, upige na picha. Akisema madabodi imeungua, muombe akuonyeshe alipima wapi na mita ikasoma nini. Na akibadilisha diski, ile ya zamani rudi nayo keja, hata kama anasema ni takataka.