Rangi ya Bizimu la Askari wa Kijerumani

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza askari wa Prusia alijifunga mshipi wenye bizimu la shaba lililosuguliwa mpaka likameremeta, na katikati yake, juu ya duara la madini meupe, taji la mfalme lilizungukwa na maneno Gott mit uns, yaani Mungu yu pamoja nasi. Desturi hiyo ilianza mwaka 1847. Watu wa Bavaria na wa Sachsen walikuwa na maneno yao wenyewe, lakini mng'ao ulikuwa fahari ya wote, na rangi haikuwa na kazi hapo.

Vita ndivyo vilivyoleta haja ya rangi. Kitu king'aacho juani humdhihirisha mvaaji kwa adui aliye mbali, na shaba nayo ilitakiwa kwa maganda ya risasi na ya makombora. Basi kuanzia 1915 mabizimu yakatengenezwa kwa chuma na kupakwa ile rangi ambayo Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita, huiita Feldgrau, kijivu chenye kivuli cha kijani, iliyokuwa imekwisha kuingia katika sare zao miaka kadhaa nyuma.

Mwaka 1936 taji lilikuwa limekwisha kutoweka, na jeshi la nchi kavu likapewa tai mwenye swastika kuchani, ingawa jina la Mungu liliachwa mahali pake, jambo ambalo mimi huliona la kustaajabisha kuliko rangi yoyote. Alumini ilitumika kwanza, kisha, ndege za vita zilipoidai, chuma kikarudi. Mafundi wa Lüdenscheid, mji uliosifika kwa vifungo na vitu vidogo vya madini, hawakuwa peke yao katika kazi hiyo, na kila karakana ilikuwa na chungu chake cha rangi. Ndipo yakapatikana mabizimu ya kijani kibichi, ya kijivu kizito, ya kijivu kilichofifia. Ya jeshi la anga, yenye tai arukaye na yasiyo na neno lolote, yalielekea samawati. Ya wanamaji yalikuwa ya dhahabu. Na baadhi ya yale yaliyopelekwa jangwani Afrika ya Kaskazini yalipakwa rangi ya zaituni.

Leo mkusanyaji mwenye busara wa mabizimu hayo hamtazami kwanza yule tai, kwa kuwa tai huigwa kwa wepesi. Hulipindua bizimu, akachungua pembe ambazo kidole hakifiki, kisha akatazama kifua cha ndege na ukingo wa bamba, ambako mkono na nguo vilikwangua miaka mingi: rangi ya asili huisha hapo na kubaki mashimoni, hali rangi ya mghushi hulala juu ya uchafu na kutu kana kwamba havipo. Aliyelipaka upya ili lipendeze ameliharibu.

Huko Ujerumani kwenyewe, ambako sheria hukataza kuonyesha hadharani alama ya Hitler isipokuwa kwa elimu na makusudi kama hayo, muuzaji aghalabu huifunika kwa kipande cha karatasi, na mnunuzi hubaki na rangi ya kuitazama.