XSLT: Lugha ya kupanga upya hati za XML

XSLT ni lugha ya tarakilishi inayotumiwa kuzipanga upya hati zilizoandikwa kwa XML. Toleo lake la kwanza liliidhinishwa na shirika la W3C mnamo Novemba 1999, la pili likafuata mwaka wa 2007, na la tatu 2017.

Katika XML, kila sehemu ya hati hutiwa kati ya lebo zinazoitambulisha, kwa mfano kichwa, mwandishi au aya. Maelezo ya ziada, kama vile tarehe, huweza kuandikwa ndani ya lebo yenyewe. Anayetaka kubadilisha mpangilio huo huandika kanuni katika faili nyingine. Programu husoma faili zote mbili, kisha hutoa hati mpya. Hati asilia haiguswi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Programu ikikutana na lebo isiyo na kanuni, huiacha lebo hiyo na kubakisha maneno yaliyomo. Tarehe iliyokuwa ndani ya lebo nayo hupotea. Hivyo, aliyekusudia kubadilisha jina la lebo moja tu huenda akaambulia lundo la maneno yasiyo na mpangilio.

Dawa yake ni kuandika kanuni moja ya jumla inayonakili kila kitu jinsi kilivyo, kisha kuongeza kanuni mahususi kwa yale tu yanayobadilishwa. Kanuni mahususi huishinda ya jumla. Iliyoachwa tupu hufuta lebo pamoja na vyote vilivyomo.