Kasi na Ukingo: Historia Fupi ya Bobsledi na Njia Zake za Barafu

Anayetazama mashindano ya bobsledi huona watu wawili au wanne wakisukuma chombo chenye umbo la mtumbwi, wakirukia ndani na kuteremka mlimani. Asichokiona ni mvutano wa zaidi ya miaka mia moja kati ya waundaji wa chombo na wajenzi wa njia. Hoja ya insha hii ni kwamba kasi ya chombo ilitangulia, na kanuni za usalama zikafuata, mara nyingi baada ya madhara kutokea.

Mchezo huu ulianzia St. Moritz, Uswisi, mwishoni mwa karne ya 19. Wageni kutoka Uingereza waliunganisha sleji mbili kwa ubao mrefu, ile ya mbele ikiwa ya kukatia kona. Mwanzoni waliteremka katika barabara za mji, wakawa hatari kwa wapita njia. Mwaka 1904 ikafunguliwa njia maalumu. Hadi leo njia hiyo hujengwa upya kila majira ya baridi kwa theluji na maji, kisha huyeyuka joto linaporudi.

Bobsledi ya watu wanne iliingia katika Olimpiki huko Chamonix mwaka 1924, na ya wawili huko Lake Placid mwaka 1932. Mwaka 1952, mjini Oslo, Wajerumani wakiongozwa na Andreas Ostler walitumia watu wazito sana na kushinda mashindano yote mawili. Walikuwa wameielewa fizikia: uvutano huwavuta wote sawa, lakini ukinzani wa hewa humchelewesha zaidi aliye mwepesi. Baadaye uzito wa chombo pamoja na watu wake ukawekewa kikomo. Unene ukapoteza thamani, na timu zikaanza kutafuta wanariadha wenye mbio za kusukuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Königssee, Ujerumani, ilipata njia ya zege yenye mabomba ya kugandisha barafu kwa mitambo. Barafu haikutegemea tena hali ya hewa. Kona zikaweza kuchorwa kwa vipimo kamili, na kasi ikaongezeka.

Gharama yake ilionekana Whistler, Kanada, ambako vyombo vilizidi kilomita 140 kwa saa. Tarehe 12 Februari 2010, Nodar Kumaritashvili wa Georgia, mwenye umri wa miaka 21, alirushwa nje ya njia hiyo akifanya mazoezi ya sleji ya mtu mmoja. Akagonga nguzo ya chuma, akafariki. Shirikisho la mchezo wake lilieleza kwamba alikosea katika kona. Hata hivyo, kabla ya mashindano ukuta uliinuliwa na mahali pa kuanzia pakashushwa chini zaidi. Kama kosa lilikuwa la mchezaji peke yake, kwa nini njia ilibadilishwa?

Njia iliyojengwa kwa ajili ya Sochi 2014 iliwekewa sehemu za kupanda ili kupunguza kasi. Huko ni kukiri kwamba mchoro wa njia nao hubeba wajibu. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika mchezo huu ukingo huchorwa na mhandisi, kwa hiyo historia yake haiwezi kuandikwa kwa kuwahoji madereva peke yao.